Watoto wa uhamisho tukutane hapa: mliosoma shule za msingi zaidi ya tatu, ukubwani mmekuwaje?

Kiberenge79 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, sitamlaumu.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye usaili wa ndani kazini kwetu. Nafasi ni ya kuongoza kitengo cha ukaguzi makao makuu, Dodoma. Kwenye jopo alikuwepo mama mmoja mtu mzima, kashika CV yangu anashuka nayo kwa kidole kama anahesabu bidhaa za duka. Akaniuliza: "Baba, hapa miaka miwili. Hapa miwili na nusu. Hapa miwili. Hapa mitatu kasoro. Ulikuwa unafukuzwa?"

Nikacheka, wakacheka. Nikatoa lile jibu letu sote la kutafuta changamoto mpya. Ila usiku usingizi ulikata. Sijawahi kufukuzwa popote, na mara mbili nimeacha kazi nzuri nikaenda kwenye kazi yenye mshahara uleule. Mke wangu alishaniuliza hilo zamani nikamjibu hovyo.

Sasa ngoja niwape historia. Baba alikuwa mtu wa reli, stesheni masta, Muha wa Kasulu. Darasa la kwanza nilianzia Saranda mwaka 1987. Pale palikuwa na stesheni, kota, maduka mawili matatu na vumbi la Ugogo. La pili katikati ya mwaka tukahamia Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka. La nne Malampaka, kwa Wasukuma na pamba yao. La sita Kilosa. La saba, mwezi wa tatu, Tabora mjini. Shule tano kwa miaka saba, na sehemu nyingi nilikaa muda unaokaribia ule ambao yule mama alikuwa anausoma kwenye CV.

Baba hakuwa na tabia ya kututangazia. Barua ilikuwa inakuja na treni, anaisoma ofisini, anarudi anakula ugali wake kimya. Sisi tulikuwa tunajua kwa mama. Ukimuona anang'oa mihogo ambayo haijakomaa, ujue tunaondoka. Wiki inayofuata kitanda cha chuma kinafunguliwa, sufuria zinaingia kwenye gunia la katani, kuku kwenye tenga, kabati linaandikwa jina la baba kwa chaki, na vyote vinapakiwa behewa la mizigo. Kwa majirani tunaaga asubuhi, jioni tuko stesheni nyingine mtu anatuonyesha choo.

Kufika nilikujua kuliko kusoma. Siku ya kwanza darasani usijibu maswali yote hata kama unayajua, watakuchukia. Mapumziko usimtafute mwenye nguvu, mtafute mwenye mpira. Na ongea kama wao haraka. Saranda nilikuwa nasalimia "mbukwenyi", Malampaka baada ya wiki tatu nilikuwa napiga "mwangaluka" mpaka bibi mmoja akamuuliza mama kama baba yangu ni Msukuma. Hii haijaniisha. Nikipokea simu ya mtu wa Shinyanga, mke wangu akiwa chumba kingine anajua ninaongea na nani. Anasema, "Sauti yako imeshahama."

Kitu ambacho sikujifunza ni kugombana na mtu Jumatatu halafu nikae naye dawati moja mpaka Desemba. Kaliua kuna rafiki yangu nilimvunjia manati yake, nikakataa kwamba ni mimi, akachapwa na kaka yake kwa kuivunja. Nilikuwa napanga nimwambieje. Sikuwahi kumwambia, mihogo iling'olewa. Ugomvi wangu wote wa utotoni uliamuliwa na treni.

Nikawa mkaguzi wa hesabu. Fikirieni hiyo kazi. Unafika tawini hujulikani, unakaa wiki mbili, unafungua makabati ya watu, unakula peke yako ili usije ukaambiwa umehongwa chipsi, unaandika ripoti, unaondoka. Mkaguzi hatakiwi kuwa na rafiki anapokagua. Wenzangu wanalalamika upweke, mimi naona kama niko nyumbani. Na kila ofisi niliyoacha, nikikumbuka vizuri, niliacha miezi michache baada ya kukwaruzana na mtu mmoja. Siyo ugomvi mkubwa, vitu vya kuombana radhi yakaisha. Mimi natafuta tangazo la kazi.

Sasa nafasi hii ni ya kukaa na watu walewale kumi na wawili, miaka. Na nina binti yuko darasa la sita hapa Dar. Ana rafiki mmoja ambaye wako pamoja tangu chekechea, wanagombana kila wiki na kila wiki wanapatana, mimi nawaangalia kama naangalia mpira. Nikiipata nafasi, nihamie na familia au niwaache?

Wenye uzoefu karibuni.

Mzee wa Kupita

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Huu uzi utakuwa na kurasa.

Mtoto wa Kambi

Mkuu, mimi baba alikuwa polisi. Shule sita, umeachwa moja. Na nakupinga.

Mimi nimepata faida tupu. Nauza dawa za binadamu kwa jumla, kanda ya ziwa yote yangu. Naingia duka la dawa Bariadi ambalo sijawahi kufika, dakika kumi nimeshajua mwenye neno la mwisho ni nani. Siyo kijana aliyeko kaunta, siyo hata mwenye leseni ukutani. Ni yule mama aliyekaa nyuma na kanga begani anachambua mchele. Namsalimia yeye kwanza, tena kwa muda mrefu. Hiyo nimefundishwa na kambi, maana ukifika kambi mpya usipojua mke wa mkubwa ni yupi, mama yako ndiye atakayelipia kwenye foleni ya maji.

Na kazi hii nina mwaka wa kumi na moja. Sijahama. Kwa hiyo usitusingizie wote. Kuna watu wamezaliwa Kariakoo, wamekulia nyumba moja, na bado wanabadilisha kazi kama mashati. Kuacha kazi kisa umekwaruzana na mtu hiyo ni tabia mkuu, treni haihusiki.

Kiberenge79

Hapo kwenye tabia umenishika pabaya. Sina jibu, ngoja niendelee kusoma.

Mwl. Chaki Nyeupe

Naomba niseme kwa upande wa wanaowapokea. Nimefundisha shule ya msingi miaka 22, watoto wa uhamisho nimewapokea wengi, hasa wa askari na wa watumishi wa halmashauri.

Kwanza masomo. Mtoto anakuja katikati ya muhula na daftari lina jalada la shule nyingine. Unakuta hesabu za sehemu kafundishwa mara mbili, huko alikotoka na huku alikokuja, ila asilimia hajawahi kufundishwa kabisa, kwa sababu huko walikuwa hawajafika na huku wameshapita. Miaka miwili baadaye mwalimu mwingine anamwita mzito wa hesabu. Siyo mzito, ana tundu. Nina hakika kuna watu wazima humu wanaamini hawawezi hesabu na kumbe walihama Aprili.

Pili, na hili nimechelewa kulijua. Mtoto mgeni anayelia tunamshughulikia. Tunamkalisha na mwenzake mpole, tunamuuliza kala nini. Anayecheka siku ya kwanza na kucheza mpira siku ya pili tunasema huyu kashazoea, tunamwacha. Mwisho wa mwaka unagundua hakuna nyumba hata moja aliyowahi kwenda kucheza. Anajulikana na wote na hana mtu. Mleta uzi, nahisi mimi au mwalimu mwenzangu tulikuacha hivyo.

Mtoto wa Laini

Niko Kenya. Sisi baba alikuwa polisi pia, tumekulia kwenye laini, yaani kota za polisi, Kitale, Garissa, kisha Nakuru. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kiswahili tu kwa sababu kila mlango kulikuwa na kabila lake. Shida ilikuja ukubwani. Huku ukitaja jina lako mtu ameshakuweka kwenye kabati, anakusalimia kwa lugha ya babako, nawe hujui kujibu. Anadhani unaringa. Nyinyi wa Tanzania mmebahatika hapo, Kiswahili kinawafunika wote. Mimi nimepata kazi ya ukalimani kwa ajili ya hayo mambo ya laini, lakini kwa mazishi ya babu nilikuwa nakalimaniwa mimi.

Msomi wa Kijiwe

Wazungu wamelipima hili, nitafupisha.

Marekani kuna watafiti wawili, Oishi na Schimmack, walitoa matokeo mwaka 2010. Waliwafuatilia watu wazima 7,108 kwa miaka kumi. Waliohamahama sana utotoni walikuwa hawaridhiki sana na maisha na walikuwa na watu wa karibu wachache. Lakini hiyo ilionekana kwa wale wapole wanaojifungia. Wachangamfu hawakuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo Kiberenge79 na Mtoto wa Kambi wote mnaweza kuwa mnasema kweli, mmoja mkaguzi na mwingine muuza dawa.

Pia Denmark, ambako kila anayehama nyumba anaandikwa serikalini, walichukua watoto zaidi ya milioni moja waliozaliwa kati ya 1982 na 2003. Matokeo yakatoka 2024. Aliyehama mara moja akiwa na umri wa miaka 10 hadi 15 alikuwa na uwezekano wa asilimia 41 zaidi wa kugundulika na sonona (ugonjwa wa huzuni kali) ukubwani kuliko asiyehama. Mara mbili na zaidi, kama asilimia 61. Hapo haijasemwa kwamba kuhama ndiko kulikosababisha, familia zinazohama zina mambo yao mengine. Na Denmark siyo Malampaka. Ila binti yako wa darasa la sita yumo kwenye umri huohuo.

Kuna hata jina, watoto wa utamaduni wa tatu, yaani wanaokulia nje ya nchi ya wazazi wao, la mwanasosholojia wa Kimarekani Ruth Hill Useem. Alilipata miaka ya 1950 akiwaangalia watoto wa Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi India. Binafsi linaniudhi kidogo. Watoto wa mabalozi wamepewa jina na semina, wa stesheni masta tunaambiwa tu "hao wanajichanganya vizuri".

Mama wa Kota

Wanangu, mnaongea kama mlihamishwa peke yenu.

Mume wangu alikuwa bwana shamba. Nimehama mara saba na watoto wanne. Kila mahali naanza vitumbua upya. Vitumbua siyo unga, ni wateja, na wateja siyo siku moja. Ninapoanza kuaminika hadi watu wanakopa, barua hiyo. Madeni yangu yako Nachingwea, yako Tunduru, yako Mbinga, hakuna wa kuyafuata. Mchezo wa kina mama nao, mara mbili nimehama nikiwa nimeshachangia miezi yote na zamu yangu haijafika. Unamwambiaje mtu hela yako aitume kwa basi?

Tena kuna ile wanaiita posho ya usumbufu. Jina lake zuri. Sisi usumbufu ulikuja 1994, posho ikaja 1996, tena nusu. Huyo baba mnayemuona anakula ugali kimya, mjue alikuwa anafikiria nauli.

Mwalimu kasema kweli kuhusu hesabu. Ila kuhusu watoto kuharibika mimi sijui. Wangu wa kwanza yuko kama mleta uzi, haeleweki yuko mkoa gani. Wa tatu, tumbo lilelile, kota zilezile, kajenga akiwa na miaka 26 na hatoki Songea hata kwa dawa. Walimpa cheo akakae Mwanza akakataa. Akasema, "Mama, mimi nimeshahama vya kutosha." Sasa hao watafiti waniambie hapo treni ilikuwa ipi.

Mzee wa Kupita

Mama shikamoo. Hiyo ya mchezo imeniuma kuliko zote.

Ngalawa

Nyie wa bara mnahesabu mikoa, sisi huku ni bahari kabisa. Mtoto wa mwalimu Zanzibar leo Unguja kesho Pemba. Na msitafute mfano mbali, Rais Samia baba yake alikuwa mwalimu, na mwenyewe kasoma msingi Chwaka Unguja, Ziwani Pemba, na Mahonda Unguja tena. Zama hizo kutoka Unguja kwenda Pemba si boti hizi za mwendo kasi.

Sisemi kuhama ndiko kulikompa urais, maana wenzake waliohama nao wako wengi wanavua dagaa. Lakini mtu aliyekulia visiwa vyote viwili anajua Mpemba akinyamaza ana maana gani. Huyo alozaliwa Mjini akafia Mjini hajui.

Kijana wa Kibosho

Mimi sijahama kabisa. Shule moja, kanisa moja, mgomba uleule. Nilipokuja Dar kwa usaili wa kwanza nilishindwa hata kuuliza choo kiko wapi, nikajibana kwa muda wa saa tatu. Nawaonea wivu.

Ila swali moja kwa mleta uzi, nisamehe kama ni kali. Ukifa tukupeleke wapi? Kwetu hilo halina mjadala, shimo linajulikana.

Kiberenge79

Kijana wa Kibosho, halina shida. Kwenye fomu najaza Kasulu. Baba alirudi huko baada ya kupunguzwa kazini. Nikienda mimi ni mgeni wa heshima, naletewa kiti. Binamu zangu wanaongea Kiha haraka wakitaka kuniteta na kwa bahati mbaya naelewa nusu, ile nusu inayouma. Nadhani nitazikwa hapo na watu watakaomuuliza mke wangu nilikuwa napenda nini.

Dada Makao Makuu

Nijibu lile swali lako la mwisho maana naona watu wamelisahau. Mimi ni mmoja wa wale tuliohamia Dodoma baada ya tangazo la serikali la 2016. Nilimwacha mtoto Dar amalize la saba, mume akabaki naye. Alifaulu vizuri. Lakini mwaka ule mzima wikendi nilikuwa mgeni nyumbani kwangu, nauliza chumvi siku hizi mnaiweka wapi. Wakati huo ilikuwa basi, unafika miguu imevimba. Siku hizi kuna treni ya SGR, siyo mateso yale.

Ninachokushauri, usimuulize mtoto "unaonaje tukihama". Hilo ni swali la kumbebesha. Mwambie tarehe. Sisi watu wazima tunawaficha watoto kwa huruma, wanabaki kuangalia nani kang'oa mihogo.

Mtoto wa Kambi

Huyu dada apewe uzi wake.

Kiberenge79

Wakuu, nimerudi, imepita kama wiki mbili. Naomba mnisamehe, nilikuwa tawini kukagua.

Baada ya maneno ya Mama wa Kota nilimpigia baba. Ana miaka 78, husikia sikio la kulia tu, kwa hiyo mazungumzo yetu majirani wote wa Kasulu wameyasikia. Nikamuuliza kama alikuwa anaumia kuhamishwahamishwa. Akanyamaza, nikadhani mtandao. Akasema, "Kuhamishwa ipi? Kaliua niliomba mwenyewe. Na Kilosa niliomba."

Nikamuuliza kwa nini. Kaliua alikuwa hapatani na karani wa mizigo, kuhusu magunia ambayo yeye baba aliyahesabu na mwenzake akayahesabu vingine. Hawakusalimiana miezi minne, kota zimetazamana. Akaandika barua kuomba ahamishwe kwa sababu za kifamilia. Familia ndio sisi. Kilosa hakunieleza, alisema tu "palikuwa na maneno".

Miaka karibu arobaini nimekaa najua tulikuwa tunasukumwa na shirika. Kumbe angalau treni mbili mzee aliziita mwenyewe. Nikamuuliza kama yule mtu wa magunia waliwahi kuonana tena. Akasema walikutana Tabora, msibani, na wakakaa mkeka mmoja mpaka asubuhi bila kutaja magunia. "Alikuwa mtu mzuri," akasema. Halafu akaniuliza mahindi huku Dar bei gani.

Nafasi nimepata, barua imetoka Jumatatu. Naenda peke yangu, mke na binti wanabaki mpaka amalize la saba, halafu tutaangalia. Nilimwambia binti tarehe kama dada alivyosema. Akauliza nitakuwa narudi Ijumaa treni ya saa ngapi, na je, rafiki yake anaweza kuja kulala hapa siku ambazo sipo. Hayo tu.

Kitengo kina watu kumi na wawili. Mmoja wao tuligombea naye nafasi hii, na tangu Jumatatu salamu zake zimekuwa fupi.

Mtoto wa Kambi

Hongera mkuu. Ila nilisema ni tabia.

Kiberenge79

Ulisema.

Mwl. Chaki Nyeupe

Huyo wa salamu fupi, kaa naye meza moja chakula cha mchana. Siku ya kwanza kabisa, usingoje akuzoee.

Kiberenge79

Mwalimu, mimi hula peke yangu.

Mwl. Chaki Nyeupe

Najua. Ndiyo maana nimekwambia.